Kruza ya Kwanza na Uko Lodwar ama Kakuma? Cheki Hizi Vitu Kabla Utoe Doo

Leo tuongee kuhusu ile picha umeweka kwa simu na unaifungua kila usiku kabla ulale. Usijifanye huijui. Nduthi nyeusi, kiti kimeshuka chini, handle zimepanda juu, tenki kama tone la maji, ekzosi inang'aa hadi unaweza kujiangalia meno. Muuzaji yuko Kitale ama Eldoret, ameandika "iko safi, bei tunaongea". Umepiga hesabu ya doo mara tatu, na kila mara unakuta ukijikaza unaweza kuichukua.

Sawa, unaweza. Lakini nduthi inaweza kuwa moto Nairobi na ikuwe mzigo Kakuma. Nduthi ya kwanza huku kwetu haichaguliwi na macho. Inachaguliwa na vitu tatu: mchanga, duka la spea, na jina lenye liko kwa logbook. Hizo tatu zikikubali, endelea na ndoto yako. Moja ikikataa, hiyo chrome yote haitakusaidia.

Kruza ni nduthi ya aina gani?

Hii style ilitoka Marekani, na kampuni iliyoifanya ijulikane dunia mzima ni Harley-Davidson, ilianza 1903 mjini Milwaukee. Kruza ilitengenezewa barabara ndefu, nyoofu, yenye lami. Ndio maana miguu inaenda mbele badala ya kukaa chini yako, mwili wa nduthi ni mrefu, na engine inavuta fiti kwa spidi ya kawaida bila kupiga makelele.

Kwa learner, iko na uzuri wake. Cheki Bajaj Avenger, kruza ya kampuni ileile inayotengeneza Boxer: kiti chake kiko milimita 737 kutoka chini. Honda Rebel 500 imeshuka zaidi, 690. Maana yake ukisimama, nyayo zote mbili zinakanyaga chini vizuri, hata kama wewe si mrefu. Learner wengi huangusha nduthi ikiwa imesimama ama ikigeuka pole pole, na hapo kiti cha chini kinakuokoa sana.

Halafu kuna barabara. Wazee watakuambia vile ile lami ya zamani ya A1 ilikuwa imeisha, hadi madere walikuwa wanaiacha wanaendesha kando kwa mchanga. Saa hii imejengwa upya. Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na sehemu kubwa imenyooka. Mtu akiangalia hiyo lami asubuhi jua likichomoza, lazima aanze kufikiria kruza. Hakuna makosa hapo.

Ukitoka kwa lami sasa

Jiulize: kwa wiki moja, ni siku ngapi uko kwa lami kweli? Kama unaishi ndani ya Nakwamekwi ama Kanamkemer, mita mia tatu za mwisho kabla ufike kwa keja ni mchanga. Kama uko Kakuma na kazi yako inakupeleka Kakuma 2, 3, 4 hadi Kalobeyei, unajua njia zenyewe. Na hiyo plan ya kwenda Eliye Springs wikendi na mbogi? Mchanga wa kule umekwamisha hadi gari.

Kwa mchanga, msee wa nduthi ya kawaida anafanya hivi: anasimama kidogo kwa vikanyagio, anarudisha uzito nyuma, anaweka mafuta bila kukata, anaacha gurudumu la mbele litafute njia. Sasa jaribu hiyo kitu kwa kruza. Miguu iko mbele, huwezi kusimama. Uzito uko chini. Gurudumu la mbele linazama, handle inageuka yenyewe, na wewe uko chini. Nduthi ya kilo 156 imelalia mguu wako na ekzosi bado ni moto.

Ya pili ni tumbo la nduthi. Avenger inaandikwa iko milimita 169 kutoka chini. Weka abiria na mzigo, hiyo namba inashuka. Kwa hivyo siku ya kuijaribu, usiende peke yako. Beba beshte, tafuta tuta, lipite pole pole. Ukisikia chuma inakwaruza, hiyo ndio sauti utakuwa unasikia kila siku mjini.

Ya tatu ni laga. Kawalase pale Lodwar na Tarach pale Kakuma zinaweza kuwa kavu asubuhi na zikuwe mto jioni, hata kama huku kwako hakujanyesha tone moja, juu mvua ilinyesha huko milimani. Kwa kruza, ekzosi na engine viko chini, maji yanazifikia haraka. Lakini hii sheria ni ya nduthi zote: laga ikiwa na maji inatembea, zima, ngoja. Hakuna deni ama date inayostahili hiyo risk.

Fanya hii test ya siku saba. Kila jioni andika kwa simu: leo nimetembea wapi, lami ni ngapi, mchanga ni ngapi. Wiki ikiisha, kama zaidi ya nusu ni mchanga, kruza si nduthi yako ya kwanza. Inaweza kuwa ya pili.

Engine: usianze na simba

Kuna mtu atakuambia chukua kubwa mara moja ndio usichoke nayo. Huyo hatakuwa na wewe siku itakapoanguka. Harley Sportster 883 iko zaidi ya kilo 250. Royal Enfield Meteor 350 ni kama kilo 191. Hiyo Avenger ni kilo 156 kwa ile ya 160, na 163 kwa ile ya 220. Swali la learner ni moja tu: ikilala, naweza kuiinua peke yangu, saa nane mchana, kwa jua la Lodwar? Joto la mchana huku hupita digrii 35 siku nyingi za mwaka, na huko katikati ya barabara hakuna mti.

Kwa hivyo range yako ni 150 hadi 250, pistoni moja, engine ya kupozwa na hewa, karbureta ama injekta ya kawaida. Nduthi ya pistoni moja fundi wa boda anaielewa hata kama hajawahi kuiona. Ile ya pistoni mbili yenye kompyuta na radieta, fundi mwenyewe ataanza kwa kukuna kichwa, na kukuna kichwa kunalipiwa.

Kitu ingine watu husahau: kruza nyingi hazina kiki. Ni stata ya umeme peke yake. Joto linaua betri haraka kuliko baridi, na betri ikikufa kilomita 60 kutoka Lodwar na 60 kutoka Kakuma, utasukuma. Kama nduthi unayoitaka haina kiki, weka bei ya betri mpya kwa hesabu ya siku ya kwanza. Usingoje ikufe.

Test ya duka la spea

Hii haikugharimu kitu na watu huiruka. Kabla hata upige simu kwa muuzaji, andika vitu tano: taya ya nyuma, kebo ya klachi, cheni na sproketi zake, brekipadi, plagi. Zunguka maduka ya spea ya Lodwar. Uliza ya hiyo modeli kamili, usiulize "ya kruza".

Kwa nini taya iko namba moja? Juu ya mathenge. Ule mti uko kila mahali huku, na mwiba wake hauheshimu mtu. Pancha si kitu ya "kama", ni ya "lini". Boxer inatumia taya ya inchi 17, saizi yenye duka lolote la boda linaijua. Avenger nyuma inavaa 130/90-15, nono na fupi. Ukipasua hiyo Ijumaa na hakuna duka linaiuza, nduthi imelala hadi parcel ifike kutoka chini. Wewe unarudi kupanda boda ya mtu mwenye nduthi yake uliiona ni ya kishamba.

Ukipata tatu kati ya tano, endelea. Ukipata mbili ama moja, achana nayo. Na ukiamua kuendelea kwa nguvu, nunua taya ya nyuma na kebo siku ileile unanunua nduthi, ukae nazo kwa keja.

Siku ya kuicheki

Nenda na fundi wako. Usikubali fundi wa muuzaji, hata akiwa na tabasamu kama la pasta. Muulize muuzaji kwa heshima: "Bro, naomba usiiwashe kabla nifike." Ukifika, weka mkono karibu na engine. Ikiwa moto, kuna kitu anaficha. Nduthi mgonjwa huwa inakataa kuwaka ikiwa baridi, kwa hivyo ameiwasha mapema.

Ikishawaka, angalia moshi. Wa bluu ni oili inaungua, rings zimechoka. Mweusi ni petroli inazidi, hiyo mara nyingi ni ya kurekebisha. Kisha angalia oili. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia, pengine ilivuka laga yenye haikufaa kuvuka.

Endelea hivi:

Fork za mbele: zikiwa na oili imepaka nje, sili zimeisha. Handle na vikanyagio: zikiwa zimepinda ama upande mmoja umekwaruzika, ilianguka. Muulize ilianguka wapi, usimuulize kama ilianguka. Inua gurudumu la mbele, geuza handle pole pole kushoto na kulia. Ikishika katikati kama iko na kijishimo, bearing zimekufa. Fremu: tafuta weldi mpya ama rangi mpya mahali pamoja tu. Fremu iliyowahi kukatika ukiiona, shukuru, aga, ondoka.

Tenki: fungua kifuniko, mulika na simu ndani. Kutu inamaanisha ilikaa bila kutumika, na hiyo kutu itaziba karbureta. Kichujio cha hewa: mwambie fundi akitoe. Vumbi la Turkana ni laini kama unga. Kichujio kikiwa kimeachwa, hilo vumbi limekuwa likisaga pistoni.

Taya: ubavuni kuna namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Taya inaweza kuwa na meno mazuri na bado ikuwe mzee imekauka. Lami ya moto na taya mzee ni ngori.

Halafu iendeshe, si dakika mbili mbele ya duka. Kama dakika ishirini, hadi ipate joto kabisa, izime, ngoja kidogo, iwashe tena. Nduthi inayokataa kuwaka ikiwa moto haifai mtu wa Lodwar, juu huku kila kitu ni moto.

Karatasi kabla ya chrome

Hapa ndio watu wamelia sana. Nduthi iko poa, bei iko poa, muuzaji anaongea vizuri, anakuambia "logbook iko nyumbani, tuandike tu makubaliano." Hapana. Makubaliano hayakufanyi mwenye nduthi.

Kwanza, ingia eCitizen, upande wa NTSA, ufanye search ya namba ya nduthi. Ada yake ni kama lunch mbili. Utaona jina la mwenye. Hilo jina lazima lifanane na kitambulisho cha huyo msee amesimama mbele yako. Kama ni la binamu, shemeji ama "boss wangu yuko safari", basi ungoje boss arudi.

Pili, cheki kama kuna kampuni ya mkopo kwa hiyo logbook. Boda nyingi zilinunuliwa kwa loan. Kama deni halijaisha, kampuni iko na haki na inaweza kuja kuichukua, na hautakuwa na mtu wa kulilia. Muuzaji alipe deni, kampuni iondoe jina lake, ndio muongee.

Tatu, soma namba ya chesi na ya engine kwa chuma yenyewe, ulinganishe na karatasi. Zikiwa zimekwaruzwa, hiyo nduthi iko na historia ya usiku.

Nne, transfer inafanyika kwa eCitizen: muuzaji anaianzisha kwa akaunti yake, wewe unaikubali kwa yako. Usimalize kulipa kabla hiyo process ianze, na lipa kwa njia inayoacha alama, M-Pesa ama benki. Ukikwama, Huduma Centre iko Lodwar. Kama uko Kakuma na unatumia kitambulisho cha mkimbizi, uliza kwanza kama akaunti yako itakubali transfer, kabla ya kutuma hata deposit.

Tano, achana na nduthi za bei ya kutupa zenye namba za nje. Tuko karibu na Uganda na Sudan Kusini, kwa hivyo zinaonekana. Kama haijalipiwa ushuru, siku karao ama watu wa forodha wataisimamisha, imeenda na doo yako.

Wewe mwenyewe uko na karatasi?

Leseni ya pikipiki ni A2. Kama unataka kubeba abiria ama parcel kwa biashara, ni A3. Anza na ile ya kujifunza, uende driving school. Sheria inataka kofia ngumu na jaketi ya kung'aa, wewe na abiria, na abiria ni mmoja tu. Bima ya third party ni lazima. Hii si stori ya kuogopa karao peke yake. Ukianguka katikati ya Lodwar na Kakuma, hospitali iko mbali kila upande, na kofia ndio daktari wa kwanza utampata.

Hesabu

Mimi college niliiacha nusu, lakini hii haihitaji digrii. Kama uko na 150,000, usitafute nduthi ya 150,000. Tafuta ya 110,000. Hiyo 40,000 iende kwa kofia nzuri, jaketi, bima, transfer, leseni, betri, taya ya nyuma na service ya kwanza. Mtu anayemaliza doo yote kwa nduthi anaanza kuendesha na kofia ya kuazima na taya ya 2016.

Na kumbuka hiyo doo ilitoka wapi. Kwa wengi wetu, kuna mbuzi ziliuzwa. Kuna mathe alikubali, kuna mzee alinyamaza tu akaangalia zikipakiwa. Mifugo ingezaa. Nduthi haizai, inakula. Kwa hivyo lazima iwe nduthi inayotembea.

Kuileta nyumbani

Ukinunua Kitale, usiiendeshe hadi Lodwar. Ni kama kilomita 300, kuna kona za Marich Pass, na upande wa Kainuk umekuwa na shida ya usalama miaka mingi. Nduthi huijui, barabara huijui, na wewe ni learner. Ipakie kwa lori, ifungwe vizuri, petroli itolewe kwa tenki. Wewe panda basi. Hakuna mtu atakucheka, na akicheka, atakuwa anakucheka ukiwa mzima.

Kama hakuna iliyopita

Inawezekana umezunguka mwezi mzima na hakuna kruza imepita mchanga, spea na logbook. Basi chukua Boxer ama TVS ya 150 yenye karatasi safi. Fundi anaweza kukuwekea handle ya juu kidogo na kupunguza sponji ya kiti ushuke. Asikate fremu tu, hiyo usikubali. Iendeshe mwaka mmoja. Jifunze kuvuka mchanga, kuziba pancha, kusikia engine ikilalamika. Nduthi ya boda ukiitunza utaiuza haraka, juu kila mtu anaitafuta.

Kisha utarudi sokoni ukiwa mtu mwingine. Muuzaji akisema "iko clean", utachuchumaa uangalie fork. Na siku utapata kruza yenye imekubali kila kitu, jaza tenki, toka Lodwar saa kumi na mbili asubuhi kabla jua lianze vita, beba maji lita mbili, mwambie mtu Kakuma saa unatarajia kufika. Miguu mbele, spidi ya mtu hana haraka. Hiyo barabara itakuwa yako na logbook itakuwa na jina lako.